Nyimbo Sita Hazimalizi Bando

Kalunde,

Barua za watu waliosoma huanza kwa kuulizana hali. Yangu unaijua. Nimekaa kwenye kigoda cha mama yako, nimeinamia daftari lako la Jiografia la kidato cha tatu, kurasa zile ambazo hukuziandika, na wewe uko uani unasugua ndoo mpya kana kwamba Dodoma hawajawahi kuona ndoo. Yako naijua pia: umefunga begi la chuo mara nne na unajifanya huna haraka ya kuondoka. Basi hali zimekwisha, tuendelee.

Kwanza nijisifu, maana ukishaondoka nani atanisikiliza? Zunguka vijiwe vyote vya bodaboda kuanzia stendi mpaka hapa Itetemia, uniletee dereva mmoja aliyemwandikia mwanawe barua kwa mkono. Hayupo. Wenzangu wangekutumia sauti ya dakika mbili, nusu yake pikipiki inanguruma. Mimi niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikisoma kwa kuchungulia, lakini mwandiko ninao. Mwalimu wangu alikuwa akisema, "Huyu Maganga anaandika uongo kwa mwandiko mzuri." Likumbuke hilo neno.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi. Hayo yote umekwisha kuambiwa na Mama Ndahani tangu juzi, na jirani yetu yule akianza hanyamazi mpaka karanga zake ziungue kwenye kikaango. Nilikuwa nakaza mnyororo wa pikipiki jana alipokuja kukuaga kwa mara ya tatu. Nikamsikia anakuambia, "Unakwenda kwetu Ugogo, mtoto wa Kinyamwezi. Babu zenu walipita kwetu na mizigo mabegani, ndimi zimewakauka, na kila kibuyu cha maji tuliwatoza hongo. Wewe utatoa nini?"

Ukamjibu hata hukuinua kichwa, "Nikihitimu upimaji nitawapimia ardhi yenu bure, mama, tuone kama kweli ni yenu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka pia, halafu nikajiinamia kwenye mnyororo kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji kukazwa. Mdomo ule si wangu, Kalunde. Watu husema umenirithi mimi, na mimi huwaachia waseme hivyo kwa sababu napenda sifa. Lakini mimi natania ili watu wanitazame. Mama yako alikuwa anatania hivyo hivyo kama wewe, macho kwenye kazi, halafu anakata uzi kwa meno.

Sasa nataka nikuambie jambo ambalo nimelikalia miaka minne. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Mara moja tulikuwa tunatoka Kigwa kwa bibi yako, umekaa nyuma ya pikipiki, nikasema, "Kalunde, ile siku ya kipaimara," ukasema, "Nini, baba? Upepo!" nikasema, "Nasema kaza kofia." Mara nyingine ulikuwa unachambua mchele, nikakaa mbele yako, ukaniuliza nina njaa, nikasema ndiyo. Nilikuwa nimetoka kula. Ndiyo maana naandika. Karatasi haikuangalii.

Nianzie mbali kidogo, univumilie.

Unakumbuka nilivyonunua simu ya kupangusa? Wenzangu kijiweni nao walikuwa na simu, tena wengine nzuri kunishinda mimi, ila hakuna aliyekuwa na bando la maana. Kila mtu aliweka la kuonja, la saa moja, anafungua video, inazunguka, saa imekwisha. Mimi nikaanza kuweka la wiki. Halafu nikagundua hotspoti. Siku ya kwanza nilipoiwasha na Sadiki akaona video inafunguka kwenye simu yake bila kuweka vocha, alipiga mluzi, akasimama juu ya benchi, akatangaza, "Jamani, Maganga si mtu tena. Maganga ni mnara!"

Jina likashika. Mnara. Abiria wa Itetemia wakawa wananiita Mnara, hata katekista aliniita Mnara. Na mimi, mwanangu, sikuwa nimewahi kuitwa jina zuri. Shuleni nilikuwa Kichwa Wazi. Kwa baba yangu nilikuwa Wewe. Nilikupata wewe nikiwa na miaka kumi na tisa, wazee wakaniita Yule Kijana Aliyeharibu. Leo watu wazima wananisubiri asubuhi, simu mkononi, wananiuliza, "Mnara umewaka?" Utamu wake siwezi kukueleza. Nilikuwa naegesha pikipiki polepole makusudi, wazidi kusubiri.

Na neno la siri unalijua. Simu ilitaka herufi zisizopungua nane. Nikahesabu kwa vidole: s-h-i-k-a-m-o-o. Nane kamili! Nikaona haya mambo yamepangwa mbinguni. Kila aliyetaka intaneti yangu ilibidi aniamkie. Unamkumbuka Mzee Rajabu, fundi viatu, yule ambaye familia yake iko mjini tangu enzi za Waarabu, umri wake ni sawa na wa babu yako. Alikuja siku moja anataka kumwona mjukuu wake aliyeko Mwanza.

"Neno la siri ni lipi, kijana?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Neno la siri ni lipi?"

"Ndilo hilo, mzee. Andika shikamoo."

Kijiwe kizima kililala chini kwa kicheko. Mzee akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, na alipomaliza tu, mimi nikaitika kwa sauti ya kufika barabarani, "Marahabaaa!" Alitabasamu kidogo, akamtazama mjukuu wake.

Mama yako alikuwa dirishani anashona. Alinisubiri niingie ndani.

"Baba Kalunde, mzee wa umri ule unamfanya akuamkie. Huogopi laana?"

"Mama Kalunde, teknolojia haina umri."

"Wewe ndiye usiye na umri," akasema, akanyonga cherehani. Lakini nilimwona anacheka. Na yeye mwenyewe aliandika shikamoo kwenye simu yake ndogo, ile ambayo kioo kilipasuka, akinitazama kwa jicho la pembeni. Nikamwitikia kwa sauti ya chini. Hiyo ndiyo simu unayotumia mpaka leo, na ndiyo maana nakuandikia habari hizi za kipuuzi. Zina kazi yake, utaona.

Halafu mama yako akaanza kuugua. Mengine unayajua: hospitali ya hapa, barua ya rufaa, Dar. Alipokwenda na mama mdogo wako Pendo alikuachia simu yake, na alikuachia gauni jeupe la kipaimara likiwa juu ya cherehani, limekamilika kila kitu isipokuwa pindo la chini. Alishona akiwa amekaa kwenye mto, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma. Mama Ndahani akasema atamalizia pindo, na mama yako akasema, "Mgogo na sindano, Mungu anisaidie," wakacheka, wakashikana mikono, hawakuachiana haraka.

Jumapili ya kipaimara. Askofu alikuwa amepanga kuja mapema akachelewa. Mama yako alikuwa apelekwe kwenye chumba cha upasuaji Jumatatu asubuhi. Pendo akatupangia: saa kumi, wakati wa kuona wagonjwa, atapiga kwa video ili mama yako aone gauni. Si kusikia. Kuona. Alikuwa amesisitiza hilo kwa siku tatu. Na mimi asubuhi hiyo, kabla ya misa, nikaweka bando jipya la wiki, zima, halijaguswa. Nilikuonyesha hata ujumbe wake, unakumbuka? Nilikuwa najisikia mwanamume kweli kweli.

Wewe ukaniomba nikuwashie hotspoti upakue nyimbo za kwaya mlizokuwa mnakwenda kuimba. Nikawasha. Ukapakua sita. Ukasema, "Asante, baba, zima." Hukusema kitu kingine. Ukasema *zima*.

Sikuzima.

Tulipotoka kanisani kijiwe kilikuwa kimejaa. Unajua benchi lao liko nyuma ya ukuta wetu, hotspoti inafika pale hata simu ikiwa uani, na yangu niliiacha uani kwenye chaji tulipokwenda misa. Siku hiyo kulikuwa na mechi kubwa. Sadiki ameegemeza simu yake kwenye helmeti, watu wamemzunguka, na wengine wasioona vizuri wamefungua kila mmoja kwenye simu yake. Nikaichukua, na nilipotokea wakaimba, "Mnara! Mnara! Mnara!" Nikanyanyua mikono kama mgombea. Simu ikatetemeka mfukoni. Nikaitoa nikasoma: ndugu mteja, umetumia asilimia tisini ya bando lako. Nilisoma, Kalunde. Mpaka leo watu wakinisikia nasema sikujua, wajue ni uongo. Nilisoma yote mpaka nukta. Ilikuwa saa kumi kasorobo. Nilikuwa nahitaji kubonyeza mahali pamoja tu. Lakini wangenizomea. Watu waliokuwa wanaimba jina langu wangesema, "Aa, Mnara, ndiyo nini sasa?" Nikaufuta ule ujumbe kwa kidole gumba, nikaingia ndani kukuambia ujiandae.

Video ilikuja saa kumi na dakika chache. Picha nzuri, haikukwaruza hata kidogo. Mama yako amefungwa kilemba cha kijani, amekonda, meno yote nje.

"Kalunde! Umevaa! Rudi nyuma nikuone wote. Rudi, rudi tena. Maganga, shika simu vizuri, unanionyesha paa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jamani, Pendo, mwone. Hebu inua mikono. Kwapani hapabani?"

"Hapabani, mama."

"Geuka nikuone mgongo."

Ukageuka. Uligeuka polepole, mikono umeinyoosha pembeni kama alipokuwa anakupima. Na nyuma ya ukuta watu wakalipuka, bao, wakagonga benchi, na kwenye simu mkono wa mama yako ukaganda karibu na mdomo wake. Halafu skrini ikaniandikia yale maneno yake ya ndugu mteja.

Wewe hukuona. Ulikuwa umetupa mgongo. Ukauliza, "Mama, nimegeuka. Nigeuke tena?" Kisha, "Mama, pamekaaje?" Na mimi nilisimama pale nimeshika simu, nikakuacha unaongea na ukuta. Mikono yako ilianza kushuka kidogo kidogo.

"Bando limekwisha," nikasema.

Ukageuka. "Limekwishaje? Si umeweka leo asubuhi?"

Na wewe, mtoto wa miaka kumi na minne, umevaa gauni jeupe, ukatafuta kosa ndani yako, ukalipata.

"Ni zile nyimbo? Baba, ni mimi? Nilipakua sita tu."

Nikakujibu, "Basi, siku nyingine uwe unauliza kwanza."

Maneno sita. Kama nyimbo zako. Na ulikuwa umeuliza.

Nikatoka nje mbio. Nilipiga ya kawaida, namba ya Pendo inatumika. Sadiki akanipigia kelele, "Mnara, imekata, bado dakika kumi!" na mimi nikamjibu huku nawasha pikipiki, "Bando limekwisha, mtoto kapakua minyimbo!" Wakaguna, watoto wa siku hizi. Mzee Rajabu peke yake aliinua uso kutoka kwenye kiatu. Alisema taratibu, kama mtu anayeongea na sindano yake, "Nyimbo sita hazimalizi bando, Maganga. Nilikusikia asubuhi unajisifu ni la wiki." Nikatia gia, nikaondoka.

Wakala wa jirani alikuwa amefunga, Jumapili. Nilikwenda mpaka mjini. Niliporudi na bando jipya, simu ya Pendo haikupatikana. Muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha, wametolewa nje, na yeye akazima simu ibaki chaji ya kesho.

Hiyo kesho unaijua.

Nitakuambia nilichojifunza, halafu ukiona ni upuuzi utupe. Ule uongo ningeweza kuufuta jioni ile ile kwa maneno mawili. *Ni mimi.* Kesho yake ungehitaji maneno kumi. Baada ya msiba ungehitaji kikao. Na sasa tazama, daftari la Jiografia linaelekea kwenye jalada na bado sijafika mwisho. Usidhani nilikuwa nangoja upoe. Nilikuwa nangoja mimi nisahau, na mtu hasahau kwa kungoja.

Siku ya msiba Mama Ndahani alifanya utani wake, kama inavyompasa mtani. Mama yako ndani ya jeneza, wanawake wanalia, na yeye akavaa koti langu kinyumenyume, akachukua kandambili ya marehemu akaiweka sikioni. "Halo! Halo, Nyamizi! Mbona umekata? Tulikuwa hatujamaliza kusengenya!" Watu wakaanza kucheka katikati ya machozi, ndiyo kazi ya mtani. Akanigeukia mimi. "Wewe Mnara! Mnara gani huu, mtu anaongea na mtoto wake unaanguka?" Hakuwa anajua chochote zaidi ya kwamba simu ilikatika. Mimi nilicheka kuliko wote, mpaka watu wakanitazama. Wewe hukucheka. Uliinuka ukaenda nyuma ya nyumba, kwenye mawe ya kufulia, na mimi nikakufuata nikasimama kwenye kona. Ulikuwa na simu ya mama yako. Ulikuwa unazifuta zile nyimbo. Unabonyeza moja, unaifuta, unapangusa uso kwa bega, unabonyeza nyingine. Nilihesabu mpaka ya sita. Kisha nikarudi kwa waombolezaji nikakaa kwenye mkeka wangu.

Hapo ndipo nilipokuwa baba mbaya, Kalunde. Ile Jumapili nilikuwa mjinga tu, na ujinga nimezaliwa nao. Lakini pale kwenye kona nilikuwa najua kila kitu, na umbali kati yetu ulikuwa hatua nane.

Tangu siku hiyo umezima Wi-Fi ya simu yako, hujatumia hotspoti yangu. Nakuambia, "Nimewasha, soma," unasema, "Iache, baba, lisije likaisha." Ulikuwa unatembea mpaka kwa rafiki yako kunakili madokezo kwa mkono ilhali mimi nimekaa sebuleni na bando la mwezi linakufa polepole bila kuguswa. Ukimtumia mtu ujumbe unawasha data, unatuma, unazima, kama mtu anayefungua mlango wa friji ya kuazima. Watu husema binti yako ana nidhamu. Mimi huwa nasema, "Amenirithi." Halafu usingizi haunijii.

Na labda unajua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wewe umefaulu Hisabati, unajua wimbo mmoja unakula kiasi gani, na kijiwe hakina siri. Labda umejua tangu kidato cha tatu na umekuwa ukiningoja niseme. Kila uliposema *lisije likaisha* ukanitazama, labda ulikuwa unanifungulia mlango. Kama ni hivyo, nisamehe mara mbili. La kwanza ni lile. La pili ni kukuchosha.

Lakini kuna kitu kimoja hukijui, na hii ndiyo sababu ya barua nzima.

Pendo alipokuja na mwili, baada ya mazishi alinivuta pembeni, kule kwenye masufuria. Aliniambia, "Shemeji, ile picha kwetu iliganda Kalunde amegeuka. Dada alinikataza nisiizime. Aliishika simu akaitazama mpaka nesi akaja kututoa." Mama yako aliona mgongo, Kalunde. Ulimuuliza pamekaaje, na alikuwa anapatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko ambavyo angekutazama kama bando lisingekwisha. Akasema, "Pindo limepanda upande wa kushoto. Mwambie nikirudi nitalishusha." Akacheka, akasema, "Nilijua tu, Mgogo na sindano." Halafu akagusa kioo kwa kidole, hapa na hapa, akasema, "Mabega yale ni yangu."

Pendo akaniambia, "Mwambie mtoto, wewe ndiye unayefaa kumwambia." Nikasema nitakuambia. Alipopiga simu mwezi uliofuata akaniuliza, "Ulimwambia?" nikasema, "Nilimwambia, alifurahi sana." Ningewezaje kukuambia picha iliganda bila wewe kuuliza kwa nini iliganda? Nikachagua kukunyima maneno ya mwisho ya mama yako ili nibaki na jina langu. Jina lenyewe la kupewa kwenye benchi.

Juzi ulipokwenda sokoni kununua ndoo, nililitoa gauni kwenye sanduku. Nikachukua futi ya mama yako nikalipima, mimi nisiyejua kupima. Ni kweli. Upande wa kushoto limepanda upana wa kidole. Nimelikunja nikaliweka chini kabisa ya begi lako, chini ya mashuka. Ndiyo maana zipu inakusumbua na ulikuwa unanilaumu begi nililonunua ni bovu. Halitakuenea tena. Ulipime wewe mwenyewe kwa vipimo vyako vya chuo. Usilishushe pindo. Au lishushe, ni lako.

Huko watakupa jina. Utakuwa na mdomo huo, watu watakupenda, watakuimba. Sikukatazi, ni tamu mno. Ila wakikuimba, angalia kidole chako kiko wapi.

Barua hii nitakupa treni ikianza kusogea, si kabla, maana mimi ni mwoga na sasa umeujua woga wangu vizuri. Juu ya bahasha nitaandika: anza baada ya Kigwa. Ukifika Tura utakuwa umemaliza, hata ukisoma polepole, na kuanzia Tura ni pori tu. Ukitaka kuitupa dirishani hakuna atakayekuona. Njia hiyo hiyo wazee wetu walikwenda kwa miguu miezi mingi, na waliobaki nyumbani hawakujua kama mtu wao amefika au ameliwa na simba. Mimi nitakuwa na simu mfukoni, na hali yangu itakuwa ile ile yao, ingawa kufika kwako najua utafika. Ninachokitaka kujua ni kingine.

Sikiliza tu la mwisho. Sijabadilisha jina la hotspoti yangu, Mnara, wala neno lake la siri. Naona aibu kila nikilitazama, na Mzee Rajabu nilikwisha kumwomba radhi, alinijibu nimshonee yeye viatu siku moja. Lakini nikibadilisha, simu ya mama yako haitaitambua tena. Yeye aliandika mara moja, ikahifadhi. Ndani ya simu yako, ukiingia kwenye mipangilio, Mnara bado imo kwenye orodha. Ukiwa umekasirika, kuna mahali pa kuifuta. Bonyeza. Sitajua, na sitakuuliza.

Ila utakaporudi likizo nitakuwa stesheni kabla ya treni, pale kwenye nguzo ya pili. Nitakuwa nimewasha. Haifiki mbali, unajua, mita chache tu, kwa hiyo itabidi ushuke, utembee kunielekea. Nitakuwa natazama simu, usidhani sikuoni; natazama pale inapoandika vifaa vingapi vimejiunga. Ikiandika kimoja, nitakuwa nimejua. Isipoandika kitu, nitaiweka mfukoni, nitakupokea begi, na sitakuambia kwamba nilikuwa natazama.

Umemaliza ndoo. Nakusikia unaniita kula. Safari hii kweli nina njaa.

Baba yako,
Maganga